Nauguza mbwa

Wadau, nimepotea kidogo. Si kazi za gazeti, ni Simba, mbwa wa miaka 11 tuliyeachiwa na marehemu ami hapa Mpendae.

Wiki tatu nyuma aligoma kupanda baraza. Ukimgusa mgongo analia, na miguu ya nyuma anaiburura. Jirani akanambia, "Mpe diklofenaki, mie hunisaidia kiuno." Kidonge nilikuwa nacho mkononi! Bahati nikampigia kwanza daktari wa mifugo, akanikataza: dawa zetu kama diklofenaki na ibuprofeni huweza kumtoboa mbwa tumbo na kumuua figo.

Akanieleza kuwa baina ya pingili za mgongo mna visahani laini. Umri ukienda hukauka, na kimoja kikichomoza hubana mishipa ya fahamu. Tiba ni kutulia wiki 4 hadi 6, asiruke wala kupanda kitu, pamoja na dawa ya mbwa kwa kipimo chake. Akishindwa kusimama au kukojoa, hapo ni dharura, si la kungojea asubuhi.

Basi nimemzungushia mbao uani. Kumtoa kukojoa nampitisha kanga chini ya tumbo, namnyanyua nyuma, watoto wa mtaa wanacheka. Kisha najiosha mara saba, moja kwa udongo, naenda kusali.

Kanga kanipa mama, ambaye hajawahi kumruhusu Simba kuvuka mlango. "Hiyo usinirejeshee," kasema, kisha akauliza kama keshakula.

Jana Simba katikisa mkia. Mhariri akiulizia makala yake, mwambieni nauguza.