Jina la Kwamboka

Wiki iliyopita, alhamdulillahi, mwanangu alijaaliwa binti, naye na mkewe wakaja kunitaka shauri la jina. Nikaenda kulitoa kabatini daftari la madrasa niliyoifundisha mjini Kisii tangu 1999 hadi 2009. Jalada lake limeliwa na unyevu, kwani kule alasiri haipiti bila mvua.

Kurasa za mwanzo wasichana ni Fatuma, Halima, Zainabu, Rukia na Mwanaisha: watoto wa Wanubi wa pale mjini, wa wafanyabiashara wa Kisomali, na wa sisi watu wa pwani tuliofuata kazi. Kina Fatuma walikuwa wengi hata tukawaita kwa majina ya baba zao. Kurasa za mwisho wamejaa kina Sumayya, Ikram, Hanan na Raniya, na Mwanaisha hayupo kabisa. Huku kwetu nako ni vivyo hivyo. Umtajie mama kijana jina la Mwanakombo au Mishi, atacheka.

Majirani zetu Wakristo nao walikuwa na mageuzi yao. Kerubo na Nyaboke yalisogezwa nyuma, yakatangulizwa Natasha na Michelle. Na Obama aliposhinda Marekani Novemba 2008, hilo la Michelle nikalisikia kila uchochoro. Hata Moraa lilisogezwa, nalo ni jina la yule mwanamke aliyemhimiza Otenyo kumchoma mkuki Northcote, ofisa wa kikoloni, mwaka 1908. Wazee wa kule hawachoki kukisimulia kisa hicho.

Lakini lililonikalisha na daftari hilo usiku ule ni mstari mmoja katika kurasa za nyuma, nilikokuwa nikiandika akika. Pana jina lililofutwa kwa wino wangu mwenyewe.

Mwaka 2004 alinijia mama mmoja wa Nyamira, aliyekuwa amesilimu, na binti wa siku sita. Mama yake mzazi alikuwa amefariki mwaka ule ule, na Abagusii humpa mtoto jina la marehemu wa ukoo. Akaniambia, "Sheikh, nataka aitwe Kwamboka." Nikaliandika, kisha nikalifuta. Nikamwambia kwamba mtoto wa Kiislamu hupewa jina la Kiislamu, nikamsomea habari ya Mtume, rehema na amani zimshukie, alivyombadilisha Asiya akamwita Jamila. Juu ya mfuto nikaandika Jamila. Akajibu, "Sawa, sheikh."

Siku ya saba baba yake alishuka kutoka Nyamira na mkungu wa ndizi begani. Mbuzi alikwisha kuchinjwa. Jina lilipotangazwa aliuliza, "Na Kwamboka yuko wapi?" Hakuna aliyemjibu. Alimaliza chai yake, akaaga kwa adabu, akaondoka.

Hadithi niliyoisoma ni sahihi. Niliyekosea ni mimi. Asiya ni neno la Kiarabu, na lilibadilishwa kwa kuwa maana yake ni muasi. Kilichotazamwa ni maana. Na Maryamu, ambalo hakuna asiyelipenda, wanazuoni wa lugha hulihesabu kuwa si la Kiarabu kwa asili yake. Kwamboka maana yake ni kuvuka. Kuna ubaya gani katika kuvuka? Hayo yote niliyasoma kabla sijatia mguu Kisii, na siku ile hayakunijia, au niliyazuia yasinijie, maana nilikuwa kijana na nilipenda kuitwa sheikh.

Nilimpigia simu yule mama. Alifurahi kunisikia, jambo lililonizidishia aibu. Nikamwomba radhi. Akasema, "Sheikh, nyumbani tunamwita Kwamboka tangu siku ile. Jamila ni la madrasa na shule." Nikamuuliza habari za mzee. Alifariki 2011, bila kukanyaga tena nyumba yao.

Akika ya mjukuu wangu ni Jumapili. Wazazi wamelipenda Inaya, ambalo maana yake ni uangalizi, nami sina la kulipinga. Nimewaomba tu walifikirie Mwanaisha, jina la marehemu mama yangu. Mkaza mwanangu alicheka kidogo, kisha akasogeza kiti akaniambia, "Haya baba, hebu nisimulie habari zake."