Visahani Katika Mikorosho ya Gede

Jumamosi iliyopita tuliondoka Malindi familia nne, wanawake na watoto, tukashika barabara ya Mombasa hadi Gede, mwendo wa kilomita kama 15. Vikapuni mlikuwa na mkate wa sinia, sambusa na maembe mabichi ya kula kwa chumvi na pilipili. Katika mfuko mmoja mlikuwa na visahani 12 vya plastiki ngumu, alivyotuletea binti yetu anayesoma Marekani badala ya chokoleti tuliyoitarajia.

Mchezo wake ni ndugu wa gofu, ila hauna fimbo wala kijipira. Unarusha kisahani, unakifuata kilipoangukia, unarusha tena kutoka hapo, hata kiingie kikapuni. Mwenye mirusho michache ndiye mshindi. Kiwanja cha kwanza cha kudumu kiliwekwa California mwaka 1975 na Ed Headrick, ambaye baadaye alibuni kikapu chenye minyororo ya kukamata kisahani. Sisi minyororo hatuna. Tulisuka mapakacha tisa ya makuti, na kisahani kilichogonga pakacha tulikihesabu kimeingia.

Mara ya kwanza tulijaribu ufukweni, tukajuta. Upepo wa kusi uliviteka visahani, mabuibui yakawa matanga, na vijana wakakusanyika kutazama kana kwamba pana ngoma. Ndipo Bibi akalikumbuka shamba la marehemu mumewe, kati ya magofu ya Gede na msitu wa Arabuko-Sokoke.

Tulipitia magofuni kwanza. Mji ule ulihamwa katika karne ya 17, na tangu hapo miti imeingia majumbani bila kubisha hodi. Mizizi imezikumbatia kuta. Tulisimama penye kaburi lenye mwaka wa 802 Hijria, yaani 1399, tukawarehemu waliolala pale. Mtoto mmoja akauliza kama kisahani kingeweza kupita katika tao la mlango wa jumba la mfalme. Bila shaka kingepita. Tulimwambia mahali pa sala na makaburi hapachezewi, naye akaufunga mfuko.

Shambani ni jambo jingine. Mikorosho haijapogolewa tangu kiwanda cha Kilifi kilipofungwa. Matawi yametambaa hadi chini, na kati yake imesimama miembe mikongwe na mikilifi iliyojiotea. Vijia si vipana kuliko mlango wa nyumba. Hapo wenye nguvu waliaibika. Kisahani cha kwanza kiligonga shina, kikarudi nyuma ya aliyekirusha. Kikirushwa kwa mkono wa kulia kutokea kifuani, mwisho wa safari hupinda kushoto. Basi anayelijua hilo hukielekeza kulia ya mti, kikauzunguka chenyewe. Bibi, mwenye miaka 71, hakujishughulisha na kupinda. Alirusha kwa kimo cha goti, hatua kumi, kisha hatua kumi nyingine, kama mtu alipaye deni kidogo kidogo. Waliotaka kufika kwa mrusho mmoja walifika kwa saba. Kisahani kimoja kiliangukia upupu, kingine kikatua katika kiota cha majimoto juu ya mwembe, na mpaka leo kiko huko.

Na palikuwa na stara. Miti ilitufunika pande zote, hata tukacheka kwa sauti zetu wenyewe. Mama mmoja alituambia hajakimbia tangu alipoolewa.

Penye pakacha la sita tulikuta kigingi cha mpima ardhi, kipya, kimepakwa rangi nyekundu. Hatua chache mbele, kingine. Bibi akasimama. Kila mmoja wetu, kumbe, alikuwa amesikia kipande cha habari: wanawe wa kiume wanalikata shamba viwanja wauze, na mikorosho itachomwa makaa. Yeye hakuambiwa, wala binti zake watatu waliokuwa pale wameshika visahani mkononi. Nao wote wamo katika mirathi: mjane aliye na watoto fungu lake ni thumuni, na kila binti ana nusu ya fungu la ndugu yake wa kiume.

"Thumuni yangu sitaki iwe shilingi," Bibi alisema. "Naitaka hii miti, kuanzia pakacha la tano mpaka la tisa."

Tulitandika mikeka tukasali adhuhuri. Baada ya chakula mashangazi waliafikiana kukaa na kaka zao wiki hii, mbele ya Bibi, na wasiposikilizana waende kwa kadhi. Hatukuwahi kuwaona wakizungumza hivyo nyumbani, ambako daima kuna mlango unaofunguliwa na mtu anayeingia.

Kisha Bibi akataka mchezo umalizwe, kwa kuwa alikuwa mbele kwa mirusho miwili. Alimaliza kwa 41. Tuliposhusha mapakacha tuondoke alituzuia kwa matano ya mwisho, nayo bado yananing'inia.