Magunia Kumi na Manne
Handeni mtandao ulikuwa unakatikakatika, kwa hiyo siku moja kabla ya usaili wa shahada ya uzamili ya biashara nilipanda Noah hadi Korogwe, kwa shangazi. Chuo kiko Nairobi. Wangenihoji kwa video.

Usiku shangazi akajifanya msaili, huku anamenya machungwa. "Umewahi kuongoza nini?"

Nikatoa nilichokariri: nilisimamia biashara ya mahindi ya familia, faida ikaongezeka.

"Mwaka upi huo, mwanangu?"

Nikanyamaza. Mwaka ninaoukumbuka ni ule niliomshauri mama asiuze mavuno, asubiri bei. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, mambo ya soko nimefundishwa juzi tu. Bei ilipanda kweli. Ila magunia 14 yalishaingiwa na dumuzi, yule mdudu ambaye wakulima humwita Skania, tukabaki na vumbi. Mama akauza mbuzi, ada yangu ikapatikana. Hajawahi kulitaja.

"Waambie hilo," shangazi akasema, akanisogezea chungwa.

Asubuhi walipouliza kuhusu uongozi, nilianza na idadi ya magunia. Msaili mmoja akaacha kuandika.

"Na mwaka uliofuata, mama alikusikiliza tena?"

Hilo sikuwa nimejiandaa nalo.