Kwa Nini Watu wa Makomeno Wanasita Kuhamia Lualaba

Mtu akitaka kuujua moyo wa mji asianze na majengo marefu. Na aingie mtaani saa za jioni, moshi wa makala unapopanda na akina mama wanaposonga bukari. Ndivyo tulivyofanya Jumapili moja ya mwezi wa Septemba tulipokwenda Makomeno, mtaa mmojawapo wa komini ya Lubumbashi, katika mji wa Lubumbashi, makao makuu ya jimbo la Haut-Katanga. Mvua zilikuwa hazijaanza. Vumbi jekundu lilikuwa limefunika majani ya miembe, lakini mijakaranda ilikuwa imekwisha kuchanua, na njia ilikuwa imetandikwa maua ya zambarau.

Hatukwenda kutembea tu. Baba mmoja tumjuaye, mwenye watoto 5, alikuwa ametuita tusikilize shauri la nyumbani mwake. Yeye ni fundi wa kuunga vyuma kwa moto, na kazi ya mikono yake husifiwa. Lakini kwa miaka 2 hakupata kazi ya kudumu. Hutengeneza milango na madirisha ya watu, leo amelipwa, kesho amekopwa. Sasa ameitwa kazini Kolwezi, katika jimbo la Lualaba, kwa mshahara ambao hapa Lubumbashi asingeuota. Ataka kwenda na jamaa yake yote. Mke wake amekataa.

«Karibuni, Mwalimu,» mama alituambia kabla hatujaketi vema. «Lakini msiniambie kwamba mke humfuata mume. Neno hilo nalijua. Niulizeni kwanza kwa nini nakataa.»

Tukaona haya, maana neno hilo hasa ndilo tulilolitayarisha njiani. Basi tukamwuliza.

Lualaba si nchi ya ng'ambo. Hadi mwaka 2015 ilikuwa sehemu ya jimbo moja la Katanga. Mwaka huo Katanga iligawanywa majimbo 4: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Kutoka Lubumbashi hadi Kolwezi ni kilometa 300 hivi, kupitia Likasi na Fungurume. Na njiani msafiri hukutana na malori yasiyohesabika yakileta shaba na kobalti upande wa Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia. Kobalti hutiwa katika betri za simu na za magari ya umeme. Zaidi ya nusu ya kobalti yote ichimbwayo duniani hutoka Kongo, na sehemu kubwa yake hutoka Lualaba. Kazi, basi, iko huko. Mbona watu wanasita?

Wako wasemao upesi: «Watu wa Lubumbashi wamezoea raha.» Twakiri kwamba nasi tuliwahi kusema hivyo. Mama yule alitufundisha vingine.

Sababu yake ya kwanza ni ardhi yenyewe. Mji wa Kolwezi ulijengwa tangu mwaka 1937 kwa ajili ya machimbo, na umekaa juu ya mali kama kuku juu ya mayai ambayo si yake. Tangu mwaka 2014 watu wa mtaa wa Kasulo walianza kuchimba kobalti ndani ya viwanja vyao, hata chini ya sakafu za nyumba walimolala watoto. Mwezi wa Juni 2019 udongo uliporomoka katika machimbo ya Kolwezi, ukaua wachimbaji wa mikono zaidi ya 40. Na mwaka 2023 shirika la Amnesty International lilitoa taarifa juu ya jamaa za Kolwezi zilizoondoshwa makwao kwa nguvu ili machimbo yapanuliwe. «Hapa,» akasema mama, «nalala nikijua kwamba asubuhi ukuta wangu utakuwa pale pale. Huko nikipanda mwembe, nani atakula matunda yake?»

Sababu ya pili aliisema kwa sauti ya chini. Kolwezi umeona vita: Mei 1978 ulivamiwa, na watu kwa mamia, weusi na weupe, waliuawa. Lakini si hayo yaliyomwumiza yeye, kwa kuwa hakuwa amezaliwa. Yeye alizaliwa Likasi, na wazazi wa mama yake walitoka Kasai. Mwaka 1992 watu wa asili ya Kasai walianza kufukuzwa Likasi, na mwaka 1993 Kolwezi. Wengi wao walizaliwa Katanga wala hawakupata kuiona Kasai hata siku moja. Maelfu kwa maelfu walilala stesheni wakingoja treni, na wengi walifia hapo au njiani. Yeye alikuwa mtoto mdogo. Akumbuka sufuria ya mama yake, iliyofungwa pamoja na shuka, na mvua ikinyesha juu yake.

«Kila nionapo godoro limepandishwa garini,» alisema, «nairudia stesheni ile. Nikifika Kolwezi, watu wataniuliza: wewe mwenyeji wa wapi? Hapa Makomeno hakuna aniulizaye tena.»

Mume wake aliinama. Yaonekana maneno hayo hakuwa ameyasikia yote, ijapokuwa wameoana miaka 16.

Sababu ya tatu ni ya hesabu. Hapa wanakaa katika nyumba ya baba mkwe, hawalipi kodi. Mama ana meza yake ya unga na mafuta ya mawese mbele ya nyumba, na wateja wake wamjua. Binti mkubwa yumo sekondari. Na ile kazi ya Kolwezi, pamoja na mshahara wake mnono, mkataba wake ni wa miezi 6 tu. Tena hautoki kwa kampuni ya madini yenyewe, bali kwa mwajiri wa kati akodishaye mafundi.

Hapo mzee wa nyumba, baba yake mume, aliyekuwa kimya chini ya mwembe, akacheka.

«Hata baba yangu hakutaka kuja hapa,» alisema.

Maneno ya mzee ni ya kweli, na vijana wengi hawayajui. Kampuni ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na reli kutoka kusini ilifika Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Watu wa kuchimba na kuyeyusha shaba walitafutwa mbali: Rhodesia ya Kaskazini, Lomami, Kasai, baadaye Ruanda na Urundi. Wengi hawakutaka. Habari zilikuwa zimefika vijijini kwamba Katanga ni nchi ya baridi na kifo. Kambini watu waliugua mapafu na kuhara damu. Mwaka 1918 homa kubwa ya mafua iliongeza makaburi. Mwanamume alikwenda peke yake, kwa mkataba mfupi, mikononi mwa mpokezi wa watu aliyelipwa kwa hesabu ya vichwa. Mahali pengine, mpokezi alipoonekana, vijana walikimbilia porini.

Ni kitu gani kilichogeuza mioyo? Si hotuba. Mwaka 1928 kampuni ilianza kutoa mkataba wa miaka 3, ikakubali mtu aje na mke wake, ikajenga nyumba za jamaa, hospitali na shule. Baba yake mzee huyu alifika mwaka 1929 kutoka Lomami, pamoja na mke. Haikuwa paradiso: kampuni iliamuru hata chakula cha nyumbani. Lakini watoto waliishi, wakasoma. Katanga iliyokimbiwa ikawa nchi ambayo watu hawataki kuiacha.

Kisha mambo yaligeuka tena. Kampuni ilitwaliwa na serikali mwaka 1967, baadaye ikaitwa Gécamines. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto, hapo Kolwezi, uliporomoka, na shaba ikapungua mno. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango wa kuacha kazi kwa hiari. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alikuwa ameandika kitabu juu ya jamaa za wafanyakazi wa kampuni hiyo, akawaita wana wa shaba walioachwa na baba yao. Watu wa namna hiyo, wakiitwa tena, si ajabu wakiuliza maswali.

Mzee akamwambia mwanawe: «Mke wako haogopi Lualaba. Aogopa karatasi ya miezi 6. Baba yangu naye aliogopa karatasi kama hiyo.»

Sisi tuliokuja kumwonya mama tukajikuta twamshauri baba. Tukamwambia aandike maswali manne, ayapeleke kwa mwajiri: Je, iko nyumba ya jamaa? Mtoto akiugua, nani atalipa dawa? Shule iko karibu? Miezi 6 ikiisha, itakuwaje?

Juma lililofuata alituletea majibu. Nyumba hakuna, kuna kitanda katika chumba cha wanaume 6. Dawa ni za mfanyakazi peke yake. Shule hawakuijua. Juu ya miezi 6 walisema: tutaona.

Hata hivyo alikwenda, kwa kuwa karo ya binti yake haikungoja. Alikwenda peke yake, jinsi watu walivyokwenda Katanga kabla ya mwaka 1928. Tulimsindikiza hadi kwenye mabasi alfajiri. Mama alibeba godoro kichwani mpaka garini, akalishika mpaka dereva alipolifunga kwa kamba. Hakulia. Alimwambia mume wake tu: «Utupigie simu ukifika Likasi.»

Ndugu wasomaji, tusimwite mwoga mtu akataaye kuhama. Tumwulize kwanza sababu zake, kama tulivyofundishwa na mama huyu. Nao walioko Lualaba wenye kuhitaji mafundi wazitazame habari za mwaka 1928. Watu wa Makomeno watakwenda, kwa maana ni wajukuu wa watu waliohama. Lakini watakwenda na wake zao na watoto wao siku watakapoonyeshwa mlango wa nyumba.