Mpako na Jina Lake

Mji wa Bukavu umejengwa juu ya vilima kandokando ya Ziwa Kivu, na kwa mtu aliyechoka miguu kilima kimoja chatosha kumtenga na kanisa lake. Ndiyo sababu sisi, walimu wawili wa Kiswahili, hupanda kila Jumapili baada ya Misa kuwapelekea wazee Komunyo. Kanisa Katoliki liliwaruhusu walei kazi hiyo mwaka 1973. Mwaka huo huo likapunguza muda wa wazee na wagonjwa kufunga kabla ya kupokea, ukawa kama robo saa. Nasi, kwa haraka zetu, robo saa hiyo hiyo ndiyo tuliyokuwa tukimpa kila mzee, kisha mbio hadi mlango wa pili.

Mama mmoja tulikuwa tumemwandika katika daftari la “wagonjwa”, ingawa mwenyewe husema kwamba mgonjwa si yeye, ni magoti. Mwaka jana tulimwuliza kama angependa Padri aje na mafuta matakatifu. Akanyamaza, akageukia ukuta. Binti yake akatutoa nje, akanong’ona: “Walimu, mmemwambia anakufa.”

Mama huyo alijifunza katekisimu katika miaka ya 1950, wakati ilipoitwa “mpako wa mwisho”. Mtaguso wa Vatikano ulisema mwaka 1963 kwamba jina lifaalo zaidi ni mpako wa wagonjwa, wala si wa wale tu walio katika kukata roho; Papa Paulo wa Sita akaitengeneza upya ibada yake mwaka 1972. Sisi tulidhani kwamba neno likisha kuchapwa vitabuni limekwisha kuingia masikioni. Dhana hiyo ni maradhi ya walimu.

Jumapili iliyofuata tulikaa. Tulikula mihogo yake, tukasikiliza habari za kwaya ya ujana wake, hata jua likageuka. Ndipo alipouliza mwenyewe: “Wanangu, yuko mliyemwona amepakwa akaishi?”

Yuko. Mmoja wetu alipakwa hospitalini kabla ya kupasuliwa, na ndiye aliyekuwa ameshika bakuli la mihogo. Mama alimkagua toka kichwani hadi viatuni, akacheka mpaka akakohoa.

“Basi Padri na aje,” akasema. “Lakini aje mchana. Zamani walikuwa wakija usiku.”