Nilihesabu Madawati

Taarifa yangu juu ya wajibu wa kampuni moja ya tumbaku kwa jamii ya Tabora inapotosha, ingawa hesabu zilizomo ni sahihi. Naandika haya kwa sababu ingali inanukuliwa, na jina lililo juu yake ni langu.

Kampuni ilinipa gari, dereva, na orodha ya vyama vya msingi vya ushirika vya kutembelea huko Urambo na Sikonge. Nilijua kwamba anayechunguzwa hapaswi kumchagulia mtafiti watu wa kuwahoji. Somo hilo nimelifundisha mwenyewe. Nikajiambia kuwa barabara za huko masika hazina mchezo na chuo hakina fedha. Yote mawili ni kweli, wala hayanisafishi. Lakini hata ningekwenda kwa baiskeli ningeharibu, maana dodoso langu lilikuwa bovu tangu ofisini.

Liliuliza misaada ya kampuni: madawati, visima, zahanati na miche. Wakulima walijibu kwa adabu, kisha wakarudi kwenye jambo lao: uteuzi, yaani upangaji wa madaraja ya tumbaku. Mkulima wa tumbaku ya mvuke huingia mkataba kabla hajapanda, hukopeshwa mbolea na dawa kupitia chama cha msingi, hukesha akichochea moto wa bani la kukaushia, mwishowe hupeleka marobota sokoni. Hapo mteuzi hushika jani, hutazama rangi na unene wake, hutamka daraja. Bei hufuata daraja hilo, tena wakati ule ilikuwa bei ya dola, na deni hukatwa kwanza. Jani likishuka daraja, msimu mzima umeshuka nalo, na mwenyewe hana pa kulipeleka kwingine, kwa kuwa mkataba umeshamfunga kwa mnunuzi yuleyule.

Mzee mmoja wa Sikonge aliniambia, "Mwalimu, madawati tumeyapokea, tunashukuru. Mbona daraja huulizi?" Nikamjibu kwamba hayo ni mambo ya soko, mimi natafiti wajibu kwa jamii. Akanikaribisha chai. Kwenye daftari niliandika: nje ya mada.

Taarifa nzima niliijenga juu ya piramidi ya Archie Carroll ya mwaka 1991, ile ambayo kila mwanafunzi wa biashara huichora kwenye mtihani. Chini kabisa pana wajibu wa kiuchumi, juu yake sheria, halafu maadili, na hisani iko kileleni. Mimi nilipima kilele peke yake. Nilikuwa nimesoma pia Misingi ya Umoja wa Mataifa kuhusu biashara na haki za binadamu ya mwaka 2011, ambayo maelezo yake yanasema wazi kwamba mema ya kampuni hayafidii kushindwa kuheshimu haki za watu katika shughuli zake. Niliitaja kwenye utangulizi, basi. Tanzania nayo ilikuwa imeridhia mwaka 2007 Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, na miongozo yake inauhesabu ufadhili wa namna hii kuwa matangazo. Huo sikuutaja kabisa.

Kinachonikera zaidi ni miche. Ukaushaji wa tumbaku unakula miombo, kwa hiyo mkulima alitakiwa apande miti. Aliipanda shambani mwake, wanawe wakaimwagilia, nami nikaiandika yote kwenye safu ya mchango wa kampuni.

Halafu tukaandaa mdahalo mjini Tabora: chuo, kampuni na wakulima. Mkulima mmoja alisimama kuuliza habari za uteuzi. Ofisa wa kampuni akainua muhtasari wangu, akamwambia kuwa mtaalamu ameshachunguza na mambo ni mazuri. Nilikuwa meza ya mbele. Nilinyamaza.

Historia ya nchi ile ingeweza kunifundisha mapema. Tabora ilikua kwa misafara ya Bagamoyo na Ujiji, na mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006, *Carriers of Culture*, ameonyesha kwamba wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wafanyakazi wa ujira, wakijadiliana malipo na posho, na wakigoma walipopunjwa. Mwaka 1871 mtemi Mirambo aliifunga njia ya Ujiji, na ugomvi wake na Waarabu wa Tabora ulihusu nani ataitawala biashara na ushuru wake. Habari hizi nilikuwa nikiwasimulia wanafunzi kila nilipowapeleka Kwihara kwenye tembe la Livingstone. Kisha nikaenda Sikonge kuuliza madawati.

Nimekiomba chuo kiiondoe taarifa ile maktabani, bado ipo. Kwa hiyo nawaomba ninyi mnaoandika tasnifu: msiinukuu. Mkienda Sikonge, jilipieni nauli, nendeni siku ya soko, na mwanzie kwa mteuzi.