Maegesho ya mji mdogo: kulipia nafasi au kugawana muda

Katika mji mdogo, tatizo la maegesho huwa mitaa miwili mitatu tu. Benki, duka la dawa, soko, stendi na ofisi za serikali vimebanana mahali pamoja, na mitaa yenyewe ilichorwa wakati magari yalikuwa ya kuhesabika. Ndivyo ilivyo katika miji mingi ya Ujerumani ambayo kitovu chake ni cha karne nyingi zilizopita. Ndivyo ilivyo pia Moshi, mji wa Tanzania uliokua kandokando ya reli ya kutoka Tanga iliyofika mwaka 1911. Kote nafasi hazitoshi, lakini mamlaka hulishika tatizo hilo kwa ncha tofauti: Ujerumani husimamia zaidi muda ambao gari linakaa, Tanzania husimamia zaidi ada ambayo gari linadaiwa.

Mtanzania anayehamia mji mdogo wa Ujerumani hukutana mapema na diski ya maegesho. Ni kipande cha kadibodi au plastiki cha rangi ya buluu, upana sentimeta 11 na urefu 15, chenye gurudumu la saa. Wazo hilo lilianza kutumika Paris mwaka 1957, na mwaka 1961 likaingia Ujerumani kupitia mji wa Kassel. Dereva akifika husogeza mshale hadi nusu saa inayofuata, kisha huiweka diski nyuma ya kioo cha mbele ionekane. Aliyefika saa 4:10 asubuhi huweka 4:30; kibao kikiruhusu saa moja, ana haki ya kukaa hadi 5:30. Hakuna senti inayolipwa. Ila haruhusiwi kurudi na kuisogeza diski mbele huku gari likiwa palepale, kwa kuwa huko ni kuchukua zamu ya mwingine.

Ukaguzi hufanywa na watumishi wa halmashauri, wa idara iitwayo Ordnungsamt, wanaopita kwa miguu. Kwa viwango vilivyoanza Novemba 2021, kuzidisha muda hadi nusu saa, au kutoweka diski kabisa, ni euro 20. Faini hupanda kidogokidogo hadi euro 40 kwa aliyezidisha zaidi ya saa tatu. Anayeegesha juu ya njia ya waenda kwa miguu hutozwa euro 55 hata kama hajamzuia mtu, na adhabu huongezeka akiwa amezuia. Faini ndogo isipolipwa ndani ya wiki moja hivi, shauri huwa rasmi na gharama za barua hujumlishwa. Gari huvutwa hasa linapoziba njia, kwa mfano lango la zimamoto. Nguvu ya utaratibu huu iko katika uhakika wake: kiasi kinajulikana, hakuna anayejadiliana na mkaguzi kando ya gari, na gari la mkubwa hukuta karatasi ileile kwenye kioo.

Tanzania imepitia njia nyingine. Kwa miaka mingi halmashauri zilikabidhi ukusanyaji wa ushuru wa maegesho kwa mawakala, waliozunguka na vitabu vya risiti. Baada ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, kuanzishwa mwaka 2017, kazi hiyo ilihamia kwake, na mwaka 2021 mfumo wa kielektroniki ukaanza kutumika. Mhudumu huingiza namba ya gari kwenye mashine, deni linapata namba ya kumbukumbu, na mwenye gari hulipa kwa simu. Akichelewa, adhabu huongezwa. Hayo ni maendeleo ya kweli, na katika jambo moja Tanzania iko mbele ya miji mingi ya Ulaya ambako bado watu husaka sarafu za mashine: fedha haipiti tena mkononi mwa mhudumu, na kila deni linaacha kumbukumbu.

Lakini mfumo mzuri wa kukusanya ada hautoi nafasi kwa mteja wa saa nne asubuhi. Anayezoea kulipa kwa siku nzima hana sababu ya kuondoka mapema. Mara nyingi gari lililokaa mbele ya duka kutoka asubuhi hadi jioni ni la mwenye duka mwenyewe, au la mfanyakazi wa ofisi jirani. Kenya ina kasoro hiyohiyo. Katiba ya mwaka 2010 iliikabidhi kazi ya maegesho kwa serikali za kaunti, na Nairobi hutoza ada ya barabarani kwa siku, kwa hiyo aliyekaa dakika ishirini hulipa sawa na aliyeshinda hapo.

Ukingo wa barabara nyumbani Tanzania pia una watumiaji ambao mji wa Ujerumani hauna kwa wingi huo. Bajaji na bodaboda wanahitaji kijiwe, fuso inashusha magunia, machinga amepanga bidhaa, na daladala inapakia pale abiria walipo. Diski haiwezi kuwapanga hao. Kinachoweza ni mistari iliyochorwa na saa zilizoandikwa kwenye kibao: fuso zishushe mzigo alfajiri kabla maduka hayajafungua, bodaboda wapewe kijiwe chenye mpaka, na mita chache za kila kona ziachwe tupu ili dereva amwone anayevuka. Sheria ya Ujerumani inataka angalau mita tano kutoka kona. Bila mistari hiyo, askari wa usalama barabarani anabaki kuamua kwa macho yake, na dereva hana cha kumwonyesha akimpinga.

Panapochukiza zaidi ni kwenye mnyororo wa gurudumu na gari la kuvuta. Mkandarasi anayelipwa kwa kila gari alilolifunga atatafuta magari ya kufunga, hata yasiyomzuia mtu. Mgonjwa aliyeingia duka la dawa anatoka akiambiwa alipe kwanza, hapohapo, kiasi ambacho hakukijua. Uingereza iliwahi kuumwa na tabia hiyohiyo kwenye maeneo binafsi. Sheria iliyoanza kutumika Oktoba 2012 ikakataza watu binafsi kufunga magurudumu Uingereza na Wales. Kwa faini za halmashauri huko, anayelipa ndani ya siku 14 hupunguziwa nusu, na anayepinga ana chombo huru cha rufaa nje ya halmashauri iliyomtoza. Haki ya kusikilizwa kabla ya gari kuzuiwa ndiyo inayokosekana zaidi nyumbani, na haihitaji teknolojia yoyote.

Marehemu Donald Shoup wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, katika kitabu chake cha mwaka 2005 alitetea kutoza ada, ila kwa masharti. Bei iwe ile inayoacha nafasi moja au mbili wazi katika kila mtaa, na mapato yarudi kwenye mtaa yalikotoka. Pasadena ilifanya hivyo kuanzia mwaka 1993 katika sehemu yake kongwe, fedha za mita zikakarabati njia za miguu na taa. Kwa Moshi, sharti hili la pili lina uzito mkubwa. Mfanyabiashara akiuona mtaro umezibuliwa na mistari imepakwa rangi upya kwa ushuru wa mtaa wake, atakuwa wa kwanza kuhamisha gari lake.

Moshi pia inajulikana nchini kwa usafi, na usafi huo umelindwa kwa faini ndogo zinazofuatiliwa kila siku, kwa mgeni na kwa mwenyeji. Maegesho yanaweza kufuata njia hiyohiyo: wahudumu wake tayari wapo mitaani, na mashine zao hurekodi saa ya kila gari. Kubadili ada ya siku iwe dakika 30 za kwanza bure na bei inayopanda kila saa kungehitaji marekebisho ya kanuni, vibao vipya, na notisi inayomweleza dereva mahali pa kupeleka pingamizi.